Nimeirudia "Village of the Damned" ya 1960 nikiwa na binti yangu. Hofu imehama upande

#1 Mkanda_Mzee

Wakuu, salaam.

Kwanza tahadhari: humu namwaga mtama wote mpaka mwisho. Ambaye hajaitazama na anataka kuitazama apite kushoto, arudi baada ya dakika 77. Ndiyo, muvi nzima ni dakika 77. Siku hizi hizo ni dakika za kumtambulisha stelingi na gari lake.

Mwaka 1997 nilikuwa na miaka kumi na moja, likizo Tanga kwa baba mdogo. Alikuwa na deki ya VHS na sanduku la kanda zilizoletwa na shemeji yake kutoka Muscat. Kanda moja haikuwa na jalada, mtu kaandika juu yake kwa kalamu ya wino: WATOTO MACHO. Kwa miaka mingi nilidhani ndilo jina la muvi.

Kwa wasioijua. Kuna kijiji Uingereza kinaitwa Midwich. Saa tano asubuhi kijiji kizima kinaanguka usingizi, watu na wanyama. Aliyekuwa anapiga pasi kalala chini na pasi inaunguza nguo. Bomba linamwaga maji. Santuri inazunguka bila msikilizaji. Jeshi linafika, linachora mstari mweupe barabarani: ukivuka tu unadondoka. Wanamvisha askari kinyago cha gesi, wanamfunga kamba, wanamwambia nenda. Hatua chache, puu! Wanamvuta kurudi kama ndoo ya kisimani. Saa kadhaa baadaye kila mtu anaamka, anahisi baridi tu, maisha yanaendelea.

Miezi miwili mbele, kila mwanamke wa kijijini aliye na umri wa kuzaa ana mimba. Yumo ambaye mumewe hakuwepo muda mrefu. Yumo binti anayelia kwamba hajawahi kumjua mwanaume.

Watoto wanazaliwa. Nywele karibu nyeupe, macho yanakukazia mpaka unasahau ulichotaka kusema. Wanakua upesi kuliko watoto wengine, wanatembea pamoja kama askari wa gwaride, na anachojua mmoja wanakijua wote. Wanajaribiwa kwa kisanduku cha fumbo: mmoja anaonyeshwa namna ya kukifungua, wenzake wakipewa wanakifungua palepale. Na macho yakiwaka, unafanya wanachotaka wao.

Nilichoogopa mwaka 1997 ni hayo macho. Nililala katikati ya binamu wawili, na asubuhi nikakataa kunywa chai mpaka mtoto wa jirani aondoke mlangoni, maana alikuwa na tabia ya kuangalia watu bila kupepesa. Maskini, kumbe alikuwa haoni mbali.

Wiki iliyopita nimepata nakala safi. Nikaketi na binti yangu wa miaka tisa, nikamwambia ikikutisha niambie nizime. Nikawa nayasubiri macho. Yalipofika hayakunifanya kitu. Kilichoniganda kooni ni vitu viwili ambavyo mwaka ule sikuviona kabisa.

La kwanza, Anthea, mama wa yule mtoto kiongozi, David. Anampa mwanawe maziwa ya moto kupita kiasi. Kitoto kichanga kinamkazia macho, na mama anakwenda kutumbukiza mkono wake kwenye maji yanayochemka. Binti yangu hakuogopa. Aliuliza: "Baba, mbona bado anampenda?"

La pili, vikao. Muvi hii imejaa vikao! Wakubwa wa London wanakaa mezani, sigara zinafuka, wanajadili: tuwaondoe, tuwafungie, au tuwasomeshe tuone watafika wapi? Profesa Zellaby, baba mlezi wa David, ndiye anayewatetea, anaomba apewe muda awafundishe. Nikarudisha nyuma nikaangalia tena. Mezani hakuna mama hata mmoja. Watu waliobeba zile mimba hawapo kwenye kikao kinachoamua watoto waishi au wafe.

Sasa nauliza: mimi ndiye nimezeeka, au muvi ilikuwa hivi tangu mwanzo?

#2 KibandaUmiza

Kiti cha mbele, karanga mkononi.

Ila mkuu, hii si ile ya watoto wa kwenye shamba la mahindi?

#3 Mkanda_Mzee

Hapana mkuu, hiyo ni ya 1984, Marekani, na wale wana mapanga. Hawa wa Midwich hawashiki hata wembe. Wana suruali fupi, soksi zimevutwa mpaka gotini, wanasema "tafadhali". Ndiyo maana wanatisha.

#4 Mwl_wa_Fizikia

Umenikumbusha mbali, ndugu. Naongeza machache kwa faida ya wasomaji.

Muvi imetokana na riwaya ya John Wyndham, "The Midwich Cuckoos", ya mwaka 1957. Jina la kitabu linabeba kila kitu: ni yule ndege anayetaga yai kwenye kiota cha ndege mwingine, kinda lake likianguliwa linayasukuma nje mayai na makinda ya mwenye kiota, na mama wa watu anaendelea kulilisha ingawa limeshamzidi ukubwa. Kitabuni watoto ni 61, kwenye muvi wamepunguzwa wakawa 12. Na kitabuni akili zao ni mbili, si moja: akijifunza mvulana mmoja wanajua wavulana wote, akijifunza msichana mmoja wanajua wasichana wote.

Kijiji unachokiona ni kijiji kweli, Letchmore Heath, mkoa wa Hertfordshire, karibu na studio za MGM za Borehamwood. Haikuwa muvi ya fedha nyingi. Ukiitazama kwa jicho la fundi utaona umaskini wake umeisaidia: hakuna chombo cha angani, hakuna kiumbe wa kijani, hakuna anayekueleza mimba zimetoka wapi. Kuna barabara, kuna mstari mweupe, basi.

Hayo macho yanayowaka ni ujanja wa maabara ya filamu. Picha nyingi za macho zimegandishwa, kisha mwanga mweupe ukawekwa juu ya mboni. Angalia vizuri: macho yakiwaka, mara nyingi uso mzima unasimama kama picha ya pasipoti. Hilo la uso kuganda ndilo linaloleta baridi mgongoni. Na nywele ni mawigi, yamejazwa kwa ndani ili vichwa vionekane vikubwa kidogo kuliko kawaida. Hujui kasoro iko wapi, ila unajua ipo.

Kuna na kisa cha pembeni. Mradi ulianza Marekani mwaka 1957, na aliyekusudiwa kuwa profesa ni Ronald Colman. MGM wakauweka kabatini baada ya makundi ya kidini kulalamika juu ya wanawake kupata mimba bila mume. Colman akafariki mwaka 1958. Mwaka uliofuata mjane wake, Benita Hume, akaolewa na George Sanders. Na profesa wa kwenye muvi ni nani? George Sanders. Kazi ya marehemu na mjane wa marehemu, vyote kwa mtu mmoja. Na sisi tunadhani kurithi wajane ni kwetu tu.

#5 KibandaUmiza

Hiyo ya mwisho imenifanya nitafune ganda na karanga.

#6 BintiMkunazini

Mkanda_Mzee, hukuzeeka. Umekuwa mzazi tu, na afadhali umeyaona hayo mwenyewe bila kuambiwa na mkeo.

Mie nina wawili. Nimeitazama nikiwa na mimba ya wa pili, kosa kubwa. Watu wote wanazungumzia watoto. Mie nimekwama pale mwanzo, wanawake wanaanza kugundua. Daktari anajua, mchungaji wa kanisa anajua, waume wanajua, jeshi linajua. Kila mtu kapewa habari ya matumbo yao isipokuwa wao wenyewe. Wanapimwa, wanaandikwa, hawaelezwi.

Halafu Anthea. Mwanzo anafurahi! Hilo watu wanalisahau. Yeye na mumewe walikuwa hawana mtoto, mume mtu mzima, akapata habari ya mimba akang'ara uso mzima. Mume naye akang'ara. Saa moja baadaye ndiyo inakuja habari kwamba kijiji kizima kina mimba. Mwanamke amepewa kitu alichokiomba miaka mingi, kisha anaambiwa si chake. Wallahi hapo nilizima nikenda kukosha vyombo.

Jibu la swali la binti yako: anampenda kwa sababu kamzaa. Hakuna fizikia hapo, Mwalimu, usitafute.

#7 Nyota_ya_Kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Hebu ngojeni kidogo. Naona uzi unaelekea kuwapa hawa watoto ubani na maji ya waridi.

Mmesahau yule dereva? Gari nusura limguse mtoto mmoja. Nusura! Mtoto hakuchubuka. Wakamkazia macho, akaongoza gari lake mwenyewe mpaka kwenye ukuta, akafa. Nduguye akaja na bunduki kulipiza. Wakamkazia macho, akajielekezea bunduki mwenyewe. Na wakati wote huo nyuso zao ni kama mtu anayesubiri feri.

David anamwambia baba yake waziwazi kwamba watatawanyika, wataanzisha makundi mengine, na wanadamu watawekwa pembeni. Kikao kingekuwa na kina mama au kisiwe nao, jibu ni lile lile. Ukikuta kifutu chini ya kitanda cha mwanao huitishi mkutano wa wadau.

#8 Mkanda_Mzee

Ndugu yangu wa Kisauni, hoja nimeipata. Lakini kumbuka makundi mengine kwenye muvi. Midwich haikuwa peke yake. Australia kaskazini walizaliwa wakafa ndani ya saa chache. Kwenye jamii ya Kaskazini mwa Kanada watoto weupe namna ile walionekana mkosi, wakauawa. Karibu na Irkutsk waliuawa watoto PAMOJA NA MAMA ZAO. Hilo linasomwa kikaoni kama ripoti ya mvua, mtu anageuza ukurasa.

Na kile kijiji kingine cha Urusi? Walikaa na watoto, wakawasomesha, mwisho wakakifuta kijiji chote kwa kombora la nyuklia. Wanakijiji hawakuambiwa waondoke, kwa sababu watoto wangesoma habari hiyo vichwani mwao. Mpishi, muuza maziwa, mama zao, wote.

Kwa hiyo kifutu chini ya kitanda, sawa. Lakini hapa nyumba nzima imechomwa na wenye nyumba wamelala ndani.

#9 Nyota_ya_Kisauni

Na hiyo ndiyo sababu Zellaby alifanya alichofanya! Alikufa yeye na wao, kijiji kikabaki. Bora huyo kuliko kombora.

#10 KibandaUmiza

Subirini kidogo. STELINGI ANAKUFA?

Mimi nimelelewa kibanda umiza cha Manzese. Sheria ya kwanza: stelingi hafi. Hata akirushwa ghorofa ya tisa anaangukia lori la magodoro. Hii muvi nani aliiruhusu?

#11 Mwl_wa_Fizikia

Anakufa, na kifo chake ndicho sehemu iliyopangwa kwa ustadi kuliko zote.

Tatizo lake ni hili: anataka kuingia na bomu kwenye chumba cha watoto wanaosoma mawazo. Ukiliwaza bomu, wamelijua. Kwa hiyo anachagua kuwaza kitu kimoja tu, ukuta wa matofali. Bomu liko kwenye mkoba wake wa kazi, saa imetegwa saa mbili na nusu usiku. Anaanza somo. David anamwambia, leo unafikiri kitu kingine. Macho yanawaka yote, na kwenye skrini unauona ukuta uliomo kichwani mwa profesa, tofali linatikisika, chokaa inadondoka, tundu linatokea. Saa ya ukutani inasogea. Watoto wanabomoa, yeye anajenga. Ukuta unaanguka wakati mshale umefika. Wanaliona bomu kichwani mwake wakiwa wameshachelewa.

Hakuna ngumi wala mbio. Mtu amesimama mbele ya darasa anajitahidi asifikiri. Nimefundisha miaka kumi na tisa, naapa hakuna muvi nyingine iliyoonyesha vizuri hivyo hali ya kusimama mbele ya watoto wanaokuona mpaka ndani.

#12 BiKidawa

Nawasalimu nyote, wanangu. Mjukuu ndiye anayenisomea na kuniandikia, makosa ni yake.

Hiyo picha sijaiona. Zamani tulikuwa tukienda picha, mchana, zamu ya wanawake, lakini tulipenda za Kihindi zenye nyimbo. Za kutisha tuliwaachia waume. Ila mjukuu amenisimulia na kuna neno nataka kulisema.

Mnajua kigego? Vijana wengi wa leo wanadhani ni jino tu. Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Zamani, huku pwani na bara pia, mtoto huyo alihesabiwa mkosi. Walisema akiachwa watakufa watu wa nyumba ile. Wengine walimuua. Wengine walimtoa kwa watu wa mbali. Mtoto mchanga hajamtazama mtu vibaya, hana macho ya kuwaka, kosa lake jino.

Mama yangu alinisimulia jirani wao mmoja. Kaota la juu. Mama wa mtoto akawa anamfunika mdomo kwa upande wa kanga, anasema ana mafua. Siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kila mgeni akija, mtoto ana mafua. Alikaa hivyo mpaka la chini lilipotoka, ndipo akamfunua. Mama yangu alijua. Wanawake wa mtaa wote walijua. Hakuna aliyesema. Wazee wa barazani hawakupata habari kabisa.

Huyo mtoto alikua akawa fundi cherehani, kanishonea nguo ya harusi.

#13 BintiMkunazini

Shikamoo bibi. Nimelia kazini.

#14 Mkanda_Mzee

Shikamoo bibi yangu. Nimesoma mara tatu. Binti yangu nimemsomea, kauliza kama nguo ya harusi ipo bado.

#15 BiKidawa

Marahaba. Ipo, imekuwa ndogo. Au mie ndiye nimekuwa mkubwa.

#16 Nyota_ya_Kisauni

Shikamoo bibi. Kisa ni kizuri na sikukatalii. Lakini kigego hakumwongoza mtu ukutani. Kumlinganisha mtoto asiye na kosa na hawa wa Midwich ni kuwaonea vigego. Mkosi wa kigego ulikuwa maneno ya watu. Hawa maiti zao zinahesabika.

#17 Fundi_Saa_Moro

Wakuu, mimi huwa msomaji tu, leo nimeingia.

Mdogo wangu ana ualbino. Tumekua wote hapa Morogoro. Shuleni walimwita kila jina mnalolijua, sitayarudia. Miaka ile ya 2007, 2008, watu wenye ualbino walipokuwa wanawindwa kwa ajili ya viungo vyao, mama alikuwa anamsindikiza mpaka mlango wa darasa, na jioni yupo palepale. Aliacha biashara ya mkaa kwa ajili hiyo. Ushirikina ule ule, umegeuzwa tu: kigego auawe kwa kuwa ni mkosi, huyu auawe kwa kuwa ni bahati.

Muvi hii niliipata kwenye flashi ya rafiki. Nikaiona picha ya mbele, watoto wenye nywele nyeupe macho yanawaka, nikaogopa dogo akiiona itamuumiza. Nikaificha. Akaiona. Jioni nimerudi namkuta sebuleni, kazima taa, anaitazama anacheka. Ananiambia: "Kaka, hawa ndugu zangu hawajui kutumia kipaji. Mimi ningeanza na yule mwalimu wa hesabu."

Kisha akanyamaza muda, akasema neno lingine. "Uzuri wao hakuna anayeweza kuwashika."

Sijui niliweke wapi hilo. Nyota, uko sahihi, wale wanaua. Lakini kuna watoto wakiiangalia hii muvi wanaona watoto wanaofanana nao, na kwa mara moja wao ndio wanaoogopwa kwa sababu ya kweli.

#18 Nyota_ya_Kisauni

Fundi, hapo nimenyamaza. Msalimie mdogo wako sana.

#19 Mwl_wa_Fizikia

Fundi ameleta jambo la nywele, nami nina la kuongeza.

Mwongozaji ni Wolf Rilla. Alizaliwa Berlin mwaka 1920, mtoto wa mwigizaji Walter Rilla aliyekuwa na asili ya Kiyahudi. Familia ilihamia London Wanazi walipotwaa madaraka. Sasa mfikirie mtu huyo, miaka kumi na mitano tu baada ya vita, anapewa script ya watoto wa nywele za dhahabu, wanafanana wote, hawana huruma, wanaamini wao ni daraja la juu na wengine wapishe. Anawapanga mistari, wanatembea kwa hatua moja. Sina neno lake la kuthibitisha alikuwa anawaza nini, lakini hakuwa mtu wa kuhitaji kuelezwa.

Uzeeni alikwenda kuendesha hoteli kusini mwa Ufaransa. Na Martin Stephens, yule David, mwaka uliofuata alicheza kwenye "The Innocents", muvi nyingine ya mtoto anayezungumza kama babu, kisha ukubwani akaacha uigizaji akawa msanifu majengo. Mtoto aliyebomoa ukuta wa matofali akaishia kuchora kuta. Nimemaliza, msinipige mawe.

#20 BintiMkunazini

Jamani kuna aliyeiona ya pili? Ya 1964?

#21 Mkanda_Mzee

Nimeiona juzi kwa ajili ya uzi huu. "Children of the Damned". Si mwendelezo wa kisa, watoto wengine kabisa, sita, kila mmoja na nchi yake: Uingereza, Marekani, Urusi, China, India na Nigeria. Ndiyo, kuna Mwafrika mmoja humo. Hakuna mawigi meupe. Serikali zinawakusanya London, kila ubalozi unamtaka wake ili umfanye silaha, watoto wanatoroka wanajificha kwenye kanisa bovu.

Kama muvi ya kutisha, imepwaya. Inazungumza mno. Lakini kwa hoja yangu ya #1 ni zawadi. Humo watoto hawajitetei mpaka waguswe. Mwisho jeshi limezunguka kanisa, wakubwa wameshaanza kukubali kwamba labda hakuna haja ya kupiga, amri inataka kusitishwa. Bisibisi inateleza mezani, inagusa mtambo, ishara ya kufyatua inakwenda. Bisibisi! Watoto wote sita kifusi kikawafunika.

Ile ya kwanza inakuuliza kama ungewaua. Hii ya pili inasema mtawaua tu, hata mkiwa mmeghairi.

#22 Nyota_ya_Kisauni

Na ya John Carpenter ya 1995?

#23 Mwl_wa_Fizikia

Ina rangi, na macho ni ya rangi rangi kama taa za harusi. Wamehamishia Midwich California. Profesa amekuwa daktari, Christopher Reeve, na inasikitisha kuiangalia, maana ilitoka mwishoni mwa Aprili 1995 na mwezi Mei mwaka huo huo akaanguka farasi, hakutembea tena. Kitu kimoja wamekibadilisha ambacho Binti angekipenda: David wa humo anajifunza huruma, na mama yake anamtoa kabla ya mlipuko. Mengine pita tu.

#24 BintiMkunazini

Nakipenda na sikipendi. Kumwokoa mmoja kwa sababu ni mwema ni rahisi. Ugumu uko kwa Anthea wa 1960, maana David wake hana wema wowote, na yeye bado ni mama yake.

Angalieni mwisho. Zellaby anamtuma mkewe aende na kaka yake kwa gari, anamwambia maneno ya kawaida, anambusu. Hamwambii. Njiani ndipo anatambua, anageuza gari. Anafika nyumba inalipuka mbele yake. Mume na mtoto kwa mpigo mmoja. Na kile kikao hakikumwita, na mume naye, mtu mzuri, anayempenda, hakumwita. Kamfanyia vilevile kama wale wa London, kwa upole tu.

Mnasema hakumwambia kwa sababu watoto wangelisoma kichwani mwake. Sawa. Ni kweli. Lakini jiulizeni: angemwambia, angekubali? Nadhani alijua jibu.

Yule mama wa kisa cha Bi Kidawa alikuwa na kanga na wanawake wenzake. Anthea hana hata jirani mmoja wa kumfichia siri. Kijiji cha wanawake kumi na wawili waliopata jambo moja siku moja, na kwenye muvi nzima huwaoni wamekaa pamoja wakizungumza. Waume ndio wanaonekana baa, wamekaa kimya na glasi zao, siku ya kujifungua.

#25 Mkanda_Mzee

Hilo la wanawake kutokaa pamoja sikuliona. Nimerudi kuangalia, ni kweli. Wanapishana njiani na vibebea watoto, basi.

Na umenijibu swali nililokuwa nalizungukazunguka. Binti yangu muvi ilipokwisha, yale macho yanapaa kutoka kwenye moto yanapotea angani, hakushtuka. Aliuliza: "Na mama yake atalala wapi leo, nyumba imeungua?" Nikamwambia kwa kaka yake. Akasema sawa. Akaenda kupiga mswaki.

#26 Fundi_Saa_Moro

Dogo kasoma uzi. Anasema Bi Kidawa aandikiwe muvi yake, na yeye acheze fundi cherehani.

#27 BiKidawa

Aje apimwe kwanza, tuone kama ana mkono wa sindano.

#28 KibandaUmiza

Wakuu, nimeshindwa kuvumilia, jana usiku nimeitafuta nikaikuta. Nikaita wapangaji wenzangu watatu, nikawaambia hii ya babu zetu, haitishi. Tukazima taa kwa mbwembwe.

Kanisa, watoto, kikao, dereva, mkono kwenye maji ya moto (mama mwenye nyumba alikuwa dirishani anaangalia kumbe, akapiga kelele, tukapiga kelele wote). Tukafika kwa profesa na mkoba wake. Ukuta wa matofali. Tofali moja limetoka. La pili. Saa yao imefika mbili na dakika ishirini na tano.

Umeme ukakatika mtaa mzima.

Nimekaa gizani na watu watatu, hakuna anayetaka kwenda kuwasha mshumaa jikoni. Mwisho nimeshausoma humu, najua kinachotokea, lakini wao hawajui, na mmoja ananiuliza mpaka sasa kama stelingi alipona.

#29 Nyota_ya_Kisauni

Mwambie kaangukia lori la magodoro.